Uchaguzi wa Fonti Huria Zenye Mvuto kwa Tovuti za Kiswahili na Kisukuma: Mfano wa Msomaji wa Mwamapalala, Mkoani Simiyu

IKISIRI

Makala haya yanafafanua vigezo vya kuchagua fonti huria zenye mvuto kwa ajili ya tovuti zinazotumia Kiswahili na Kisukuma. Msomaji anayechukuliwa kuwa kipimo ni mkazi wa Mwamapalala, kata iliyomo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, ambaye husoma kwa simu na kwa bando alilolinunua mwenyewe. Hoja kuu ni kwamba mvuto wa fonti hauwezi kuamuliwa kwa kutazama sampuli yenye maneno ya lugha nyingine. Huamuliwa baada ya fonti kupimwa kwa vigezo vinne: leseni, utoshelevu wa herufi, usomekaji na uzito wa faili. Makala yanaonesha kuwa fonti inayovutia katika sampuli ya Kiingereza inaweza kushindwa katika neno la kawaida la Kiswahili, na kwamba Kisukuma, chenye irabu saba na nazali zisizo ghuna, hudai mengi zaidi. Mwisho, makala yanapendekeza hatua za uteuzi zinazoweza kufuatwa na mbunifu wa tovuti, ofisi ya halmashauri, shule au chama cha ushirika.

Istilahi za msingi: fonti huria, tovuti, othografia, Kisukuma, usomekaji

1.0 Utangulizi

Mbunifu wa tovuti anapotafuta fonti mtandaoni huoneshwa mamia ya sampuli. Aghalabu sampuli hizo huandikwa kwa sentensi ya Kiingereza iliyotungwa ili kukusanya herufi zote 26 za alfabeti hiyo, ile inayomtaja mbweha wa kahawia anayemruka mbwa mvivu. Sentensi hiyo ina herufi 35, na miongoni mwake a hutokea mara moja tu. Kwa upande mwingine, jina Mwamapalala lina herufi 11, na tano kati ya hizo ni a. Herufi q na x, ambazo sampuli ya Kiingereza inajivunia kuzibeba, hazimo kabisa katika alfabeti ya Kiswahili Sanifu.

Ulinganisho huu mdogo unabainisha tatizo linaloshughulikiwa na makala haya. Mbunifu anayechagua fonti kwa kutazama sampuli ya aina hiyo huamua uzuri wa ukurasa ambao hajauona. Herufi a ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi katika matini ya Kiswahili, hivyo umbo lake ndilo linaloupa ukurasa sura yake. Fonti yenye q ya kupendeza na a dhaifu itaonekana nzuri dukani na mbaya nyumbani.

Suala hili si la urembo peke yake. Tovuti za umma hubeba matangazo ya bei ya mazao, majina ya wanafunzi waliochaguliwa, ratiba za chanjo na maelekezo ya malipo. Namba moja ikisomwa vibaya, au ukurasa ukichelewa kuonesha maandishi hadi bando likaisha, anayeumia ni msomaji. Ndiyo maana uchaguzi wa fonti unastahili kujadiliwa kwa vigezo vilivyo wazi.

2.0 Muktadha: Msomaji, Kifaa na Lugha Mbili

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Wilaya ya Itilima, ilimo Kata ya Mwamapalala, ilimegwa kutoka Wilaya ya Bariadi wakati wa mabadiliko hayohayo ya mipaka ya utawala. Eneo hili ni la wakulima wa pamba na wafugaji, na wakazi wake wengi ni Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Kisukuma huzungumzwa nyumbani, mnadani na katika ngoma. Kiswahili hutumika shuleni, ofisini na katika matangazo ya Serikali. Tovuti inayomlenga mkazi wa eneo hili kwa hakika inaihusu jamii ya lugha mbili, hata pale inapoandikwa kwa Kiswahili tu, kwa sababu majina ya watu na ya mahali huja na sauti za Kisukuma.

Kwa madhumuni ya makala haya, msomaji wa kipimo ni mtu anayefungua tovuti kwa simu janja ya bei nafuu, yenye kioo kidogo, mara nyingi akiwa nje kwenye mwanga mkali wa jua, na akilipia kila kilobaiti kutoka mfukoni. Msomaji huyu amechaguliwa kwa sababu ya kimbinu. Fonti inayomfaa yeye itamfaa pia mtumishi aliyeketi mbele ya kompyuta ofisini Bariadi au Dodoma, lakini kinyume chake si lazima kiwe kweli.

3.0 Kigezo cha Kwanza: Leseni

3.1 Bure na Huria

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili pale ambapo lugha nyingine hutumia moja. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa. Kitu huria ni kile ambacho mtumiaji ana uhuru nacho: kukitumia, kukichunguza, kukirekebisha na kukisambaza. Fonti nyingi zinazotangazwa kuwa hazilipiwi ni za bure bila kuwa huria. Masharti yake, yaliyoandikwa kwa maandishi madogo, huruhusu matumizi binafsi tu, kama vile kadi ya mwaliko wa harusi, na hukataza matumizi ya kibiashara au kuwekwa kwenye seva ya tovuti. Chama cha ushirika kinachouza pamba za wanachama wake, au shule inayotoza ada, hakiwezi kujificha nyuma ya neno "binafsi". Nchini Tanzania, haki za wabunifu hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ukosefu wa nia mbaya si ruhusa ya kutumia kazi ya mtu.

3.2 Leseni ya SIL

Leseni iliyoenea zaidi kwa fonti huria ni ile iliyoandaliwa na shirika la SIL, ambalo kwa miongo mingi limejishughulisha na lugha zisizo na maandishi mengi. Toleo lake la 1.1 lilitolewa mwaka 2007 na bado ndilo linalotumika. Masharti yake ya msingi yanaweza kufupishwa hivi. Kwanza, fonti inaweza kutumika kwa kazi yoyote, iwe ya biashara au la. Pili, inaweza kurekebishwa na kusambazwa, mradi tamko la hakimiliki na nakala ya leseni viambatanishwe. Tatu, haiwezi kuuzwa peke yake kama bidhaa. Nne, toleo lililorekebishwa lazima libaki chini ya leseni hiyohiyo. Tano, ikiwa mwenye fonti amehifadhi jina, toleo lililorekebishwa lazima lipewe jina jingine. Kazi inayoandikwa kwa fonti hiyo, kama vile tangazo au tasnifu, haifungwi na leseni.

Sharti la tano lina athari ambayo wabunifu wengi huipuuza. Kupunguza faili kwa kuondoa herufi zisizohitajika, jambo litakalojadiliwa katika sehemu ya 6.0, huhesabiwa kuwa ni urekebishaji. Kwa hiyo, mbunifu anayepunguza fonti yenye jina lililohifadhiwa anapaswa kuipa jina jipya katika nakala anayoisambaza, au kuomba idhini ya mwenyewe. Ni kazi ya dakika chache, ila ifanywe kabla ya tovuti kuzinduliwa.

4.0 Kigezo cha Pili: Utoshelevu wa Herufi

4.1 Kiswahili na Ritifaa

Mwaka 1928 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyokuwa na makao London, ilipendekeza alfabeti ya Kiafrika yenye herufi za ziada kama vile ŋ, ɛ na ɔ. Kiswahili, kiliposanifiwa kuanzia mwaka 1930 chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, hakikuzichukua herufi hizo. Sauti ya mwanzo ya neno ng'ombe iliendelea kuandikwa kwa n, g na ritifaa. Matokeo yake ni kwamba karibu kila fonti ya Kilatini inaweza kuandika Kiswahili, na wabunifu wengi hudhani kuwa suala la herufi limekwisha hapo.

Ritifaa yenyewe, hata hivyo, ina mambo. Katika mfumo wa Yunikodi kuna alama tatu zinazofanana machoni: ritifaa iliyonyooka yenye namba U+0027, alama ya kufunga nukuu yenye namba U+2019, na ritifaa inayohesabiwa kuwa herufi, yenye namba U+02BC. Programu za kuandikia hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili bila kumuuliza mwandishi. Hivyo neno moja la ng'ombe linaweza kuhifadhiwa kwa namna tatu katika tovuti moja, na anayelitafuta kwa namna moja asiyapate yale yaliyoandikwa kwa namna nyingine. Aidha, baadhi ya fonti huacha pengo kubwa baada ya ritifaa, kwa kuwa aliyezichora alidhani alama hiyo hufunga nukuu na kufuatwa na nafasi. Neno hukatika vipande viwili machoni mwa msomaji. Katika eneo la wafugaji, neno ng'ombe litatokea mara nyingi mno kiasi kwamba dosari hii haiwezi kufumbiwa macho.

Inashauriwa, basi, mhariri wa tovuti achague alama moja na kuitumia kote, kisha fonti ipimwe kwa alama hiyohiyo. Ritifaa iliyonyooka hupatikana kwenye kila kibodi, lakini katika misimbo ya programu hutumika pia kufungia maneno, na isiposhughulikiwa vizuri inaweza kulikata neno katikati. U+02BC ni sahihi zaidi kiisimu, ila si kila fonti inayo.

4.2 Kisukuma: Irabu Saba, Nazali na Toni

Uchambuzi wa fonolojia ya Kisukuma, ukiwemo ule wa Batibo (1985), unaonesha kuwa lugha hii ina irabu saba, tofauti na tano za Kiswahili. Irabu mbili za ziada huwakilishwa katika maandishi ya kiisimu kwa ɪ na ʊ. Aidha, Kisukuma ni lugha ya toni, na kina nazali zisizo ghuna zinazoandikwa mh, nh na ng'h. Jina la Kata ya Ng'hoboko, iliyomo Wilaya ya Meatu katika mkoa huohuo, ni ushahidi kwamba othografia hii imeingia hata katika majina rasmi ya utawala. Vilevile Mwanza huitwa Ng'wanza kwa Kisukuma, na jina la Ng'wana Malundi, mtu maarufu katika simulizi za Wasukuma, huonekana pia likiandikwa Mwanamalundi.

Maandishi ya kawaida ya Kisukuma, hususani ya kidini, hufuata alfabeti inayofanana na ya Kiswahili na huacha kuonesha irabu za ziada. Tovuti ya namna hiyo itahitaji fonti yenye ritifaa nzuri tu. Lakini tovuti inayokusudia kufundisha lugha, kuhifadhi methali au kuchapisha kamusi itahitaji kutofautisha irabu zote saba, na hapo fonti nyingi za kupendeza hushindwa. Fonti isipokuwa na ɪ, kivinjari huazima herufi hiyo kutoka fonti nyingine iliyomo katika simu. Neno hutokea na herufi moja nene au ndefu kuliko wenzake, kama kiraka cha rangi tofauti kwenye nguo. Simu isipokuwa na herufi hiyo popote, huonekana kisanduku kitupu.

Mambo matatu ya kiufundi yanahitaji uangalizi. La kwanza ni herufi kubwa. Herufi kubwa ya ʊ imekuwamo katika Yunikodi kwa muda mrefu, lakini herufi kubwa ya ɪ iliongezwa katika toleo la 9.0 la mwaka 2016. Fonti iliyochorwa kabla ya hapo na isiyosasishwa haitaweza kuandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa. La pili ni alama za toni. Yunikodi ina herufi kamili za á, à, â na ǎ, lakini haina ɪ yenye alama ya toni juu yake. Alama hiyo huandikwa peke yake na kubandikwa juu ya herufi, na ni fonti inayoamua ikae wapi. Fonti isiyoandaliwa kwa kazi hiyo huiweka pembeni au juu ya herufi ya jirani. La tatu ni mgawanyo wa faili. Hifadhi kubwa za fonti, kama Google Fonts iliyozinduliwa mwaka 2010, hugawa kila fonti katika mafungu ya herufi ili msomaji apakue yale anayoyahitaji. Mbunifu anayechukua fungu la msingi la Kilatini peke yake huziacha ɪ na ʊ nje, ingawa fonti kamili inazo.

Mfano kutoka Kenya unafundisha jambo. Kikikuyu na Kikamba huandika irabu zao za ziada kwa ĩ na ũ. Herufi hizo hutumika pia katika lugha ya Kivietinamu, na kwa sababu hiyo fonti yoyote yenye fungu la Kivietinamu huzibeba. Kwa maneno mengine, mwandishi wa Nyeri au Machakos hupata fonti nyingi nzuri kwa sababu ya wasomaji wa Hanoi. Wanaojadili othografia ya Kisukuma kwa ajili ya mtandao wanaweza kuuzingatia ukweli huu: uchaguzi wa herufi hupanua au hupunguza idadi ya fonti zitakazoweza kuandika lugha.

5.0 Kigezo cha Tatu: Usomekaji

Usomekaji hupimwa kwa lugha inayosomwa. Kwa Kiswahili, jozi nne za maumbo zinahitaji kuchunguzwa.

Jozi ya kwanza ni a na o. Fonti zenye maumbo ya duara kamili, mfano Quicksand, huchora a kama duara lenye kijiti upande wa kulia. Katika kioo kidogo na mwanga wa jua, kijiti hicho hufifia. Kiswahili kina maneno mengi yanayotofautiana kwa irabu hiyo tu: shaka na shoka, taka na toka, kata na kota, chama na choma. Muktadha humsaidia msomaji mzoefu, lakini msomaji anayejifunza, na yule anayesoma orodha ya majina isiyo na muktadha, hana msaada huo.

Jozi ya pili ni I kubwa na l ndogo, pamoja na tarakimu 1. Katika fonti kama Lato na Open Sans, I na l huchorwa kama mistari wima iliyokaribia kufanana. Kiswahili huanza sentensi nyingi kwa Ili, Ilikuwa na Ilani, na kila moja ya hizo huanza kwa I ikifuatwa na l. Kwa matini ya kawaida, dosari hii huvumilika. Kwa namba za kumbukumbu, majina ya watumiaji na maneno ya siri, haivumiliki.

Jozi ya tatu ni rn na m. Fonti inayobana herufi huifanya r ishikane na n. Neno karne likasomeka kama kame, na katika mkoa unaojadili ukame kila msimu, sentensi itaendelea kuleta maana, ila si ile iliyokusudiwa.

Jozi ya nne ni za tarakimu: 1 na 7, 6 na 8, 3 na 8. Baadhi ya fonti, mfano Raleway, kwa kawaida huonesha tarakimu za mtindo wa kale ambazo nyingine hupanda na nyingine hushuka chini ya mstari. Zinapendeza ndani ya aya ya simulizi. Katika jedwali la bei au uzito wa pamba, safu huyumba na jicho hupotea. Jedwali huhitaji tarakimu zenye kimo kimoja na upana mmoja.

Zaidi ya jozi hizo, kuna urefu wa maneno. Kiswahili huambisha viambishi vingi kwenye mzizi mmoja, na neno kama yatakayowasilishwa lina herufi 18. Katika simu yenye upana wa pikseli 360 za tovuti, kwa herufi za pikseli 16, mstari hubeba takriban herufi 40. Neno hilo moja hukaribia nusu ya mstari. Fonti pana huongeza tatizo kwa kuacha mapengo mwishoni mwa mistari. Fonti inayofaa ni ile yenye upana wa wastani na yenye herufi ndogo zilizo na kimo kizuri kulinganisha na herufi kubwa. Nafasi kati ya mistari iwe walau mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi, na mwachano wa rangi kati ya maandishi na usuli usipungue uwiano wa 4.5 kwa 1, kama inavyoelekezwa na miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti.

6.0 Kigezo cha Nne: Uzito wa Faili

Fonti ya tovuti ni faili linalopakuliwa na msomaji. Fonti yenye unene wa aina nne, yaani wa kawaida, uliokolezwa, wa mlazo, na wa mlazo uliokolezwa, ni mafaili manne. Tuseme kila faili lina kilobaiti 60: msomaji hulipia kilobaiti 240 kabla hajaona habari yoyote. Mbunifu akibakiza unene wa aina mbili na kupunguza kila faili hadi kilobaiti 20, gharama inashuka hadi kilobaiti 40, yaani sehemu moja ya sita.

Njia za kupunguza uzito ni tatu. Ya kwanza ni kutumia muundo wa WOFF2, ambao ulipitishwa kuwa kiwango rasmi na taasisi ya W3C mwaka 2018 na hubana faili vizuri kuliko muundo uliotangulia. Ya pili ni kuondoa herufi ambazo lugha za tovuti hazizihitaji, kwa kuzingatia masharti ya leseni yaliyotajwa. Hapa tahadhari inahitajika: programu ya kupunguza herufi isipoelekezwa, itaondoa U+02BC na ɪ pamoja na herufi za Kigiriki na Kisirili. Ya tatu ni kupunguza idadi ya fonti. Fonti moja iliyochaguliwa vizuri hutosha kwa vichwa na aya.

Kuna pia suala la kusubiri. Vivinjari vingi huficha maandishi kwa muda wa hadi sekunde 3 vikingoja fonti ifike. Pale mtandao unapokuwa dhaifu, msomaji hutazama ukurasa mtupu ilhali habari yenyewe imekwisha kufika katika simu yake. Mbunifu anaweza kukielekeza kivinjari kioneshe maandishi mara moja kwa fonti ya simu, kisha kibadilishe fonti ya tovuti itakapofika. Maelekezo hayo ni mstari mmoja tu wa msimbo, na kwa msomaji wa bando yana thamani kuliko pambo lolote.

Hatimaye, fonti inaweza kuitwa kutoka seva ya nje au kuhifadhiwa katika seva ya tovuti yenyewe. Kila inapoitwa kutoka nje, anwani ya mtandao ya msomaji hufika kwa mwenye seva hiyo. Mwezi Januari 2022 mahakama moja ya mjini Munich, Ujerumani, iliamua kuwa mwenye tovuti alikosea kwa kupeleka anwani ya msomaji kwa Google kwa njia hiyo bila ridhaa yake, na akatakiwa kulipa fidia ya yuro 100. Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wenye taasisi kujua ni taarifa zipi za watu zinakwenda wapi. Kwa kuwa leseni huria inaruhusu fonti kuhifadhiwa popote, kuiweka katika seva ya taasisi ni njia salama zaidi.

7.0 Mvuto Baada ya Vigezo

Baada ya fonti kupita vigezo hivyo, suala la mvuto hurudi likiwa na mipaka inayoeleweka. Fonti tatu zinaweza kutumika kama mifano.

Andika ni fonti ya SIL ambayo jina lake limetolewa katika Kiswahili. Ilibuniwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, na maumbo yake yamechorwa ili herufi moja isidhaniwe kuwa nyingine. Herufi zake a na g hufuata umbo la mkono linalofundishwa shuleni, na fonti yenyewe ina umbo mbadala kwa anayelihitaji. Inabeba herufi za kiisimu na huziweka alama za toni mahali pake. Kwa tovuti ya shule ya msingi au ya kisomo cha watu wazima, mvuto wake umo katika utulivu: haimshughulishi msomaji na yenyewe. Udhaifu wake ni uzito wa faili kamili.

Gentium, iliyochorwa na Victor Gaultney, pia hutolewa chini ya leseni ya SIL. Jina lake ni la Kilatini na maana yake ni "ya mataifa". Herufi zake zina vikono vidogo miishoni na huupa ukurasa sura ya kitabu. Inafaa kwa kamusi, mkusanyiko wa methali au makala ndefu za Kisukuma zinazohitaji alama za toni.

Noto Sans ni sehemu ya mradi wa Google wenye lengo la kuondoa visanduku vitupu katika maandishi ya lugha zote. Ni chaguo la wastani kwa tovuti ya halmashauri inayohitaji sura rasmi na herufi nyingi.

Fonti za mapambo, mfano Lobster yenye herufi zilizoungana kama za mkono, na zile zenye mistari myembamba mno, mfano Playfair Display, zinaweza kubaki kwenye kichwa kikuu cha ukurasa pekee. Hata hapo zipimwe kwa maneno ya Kiswahili. Vichwa vingi huanza kwa Tangazo, Taarifa, Tanzania, Wananchi au Yatakayojiri, na kwa hiyo jozi za Ta, Wa na Ya ndizo zitakazoonekana kwa ukubwa zaidi. Fonti isiyosawazisha nafasi katika jozi hizo huacha mwanya chini ya bawa la T au W, na kichwa huonekana kama meno yenye mapengo.

8.0 Hatua Zinazopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, mbunifu anashauriwa kufuata hatua zifuatazo.

(i) Kusoma leseni yote na kuhifadhi nakala yake pamoja na faili la fonti.

(ii) Kuorodhesha herufi zinazohitajika, zikiwemo ritifaa iliyochaguliwa na, pale inapobidi, ɪ, ʊ, herufi zao kubwa na alama za toni.

(iii) Kuandika sentensi ya kupimia kwa lugha ya tovuti. Kwa Kiswahili inaweza kutumika hii: "Ilani: ng'ombe 1,768 wa eneo hili kame watachanjwa, chama hakina shaka, wala gharama haijapata kuwa ndogo hivi tangu karne ilipoanza." Sentensi hiyo inabeba jozi nyingi zilizojadiliwa. Kwa Kisukuma, majina kama Ng'hoboko na Ng'wanza yaongezwe, pamoja na maneno yenye irabu zote saba yaliyohakikiwa na mzungumzaji wa lugha.

(iv) Kuisoma sentensi hiyo kwenye simu ya bei nafuu, nje, juani, na si kwenye kompyuta ya mbunifu peke yake.

(v) Kupima jumla ya kilobaiti za fonti, kuondoa unene usiotumika, na kuhifadhi mafaili katika seva ya taasisi.

(vi) Kuutambulisha ukurasa kwa lebo sahihi ya lugha, yaani sw kwa Kiswahili na suk kwa Kisukuma, ili vivinjari na visoma skrini vijue lugha vinayoishughulikia.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa mvuto wa fonti hutegemea lugha inayoandikwa, kifaa kinachosomea na gharama anayoibeba msomaji. Kiswahili, licha ya kuonekana rahisi kwa kila fonti, kina madai yake: a iliyo bora, I isiyofanana na l, ritifaa isiyokata neno, na nafasi kwa maneno marefu. Kisukuma kina madai zaidi, na fonti huria zinazoyatimiza zipo tayari bila malipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mazoea ya kuzipima kwa maneno ya wenye lugha. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna wasomaji wa lugha mbili katika Mkoa wa Simiyu wanavyozitambua irabu saba za Kisukuma katika matini ya simu, ili mjadala wa othografia na ule wa usanifu wa tovuti uende pamoja. Hadi hapo, mbunifu anayetaka kujua kama fonti yake inafaa anaweza kuanza kwa kuandika neno moja, Mwamapalala, kisha akaangalia kama zile a tano zinasomeka.